Mwalimu Kamuuliza Mtoto Ukoo Wake: Jibu Liko kwa Nani?



Siku hizi watoto wa madarasa ya mwanzo wanarudi na kazi moja ya nyumbani inayowapa tabu kina mama kuliko hesabu. Mwalimu kasema chora familia yako. Andika majina ya babu na bibi. Muulize bibi yako alipokuwa mdogo alicheza nini, alikula nini, alisoma wapi. Kesho lete picha ya zamani, au kitu chochote cha zamani kilichopo nyumbani kwenu.

Sisi ni mafundi wa kushona, nguo za harusi na mabuibui ndiyo kazi yetu, na duka la fundi ni pahala watu wanasema. Basi malalamiko tunayasikia. Mmoja anasema walimu wamekosa la kufundisha. Mwengine anasema mambo ya ukoo wangu yanamhusu nini mwalimu? Wa tatu hata halalamiki. Saa nne ya usiku, mtoto kashalala, anachukua kalamu anaijaza karatasi yeye mwenyewe, pale asipojua anaweka jina lolote, asubuhi mtoto anaipeleka skuli na anapata vema.

Sisi tunasema kazi hii ni katika kazi bora ambazo skuli inampa mtoto mdogo. Na jibu lake mwalimu hanalo, wala simu haina. Liko kwetu sisi wanawake. Tukimpa mtoto jibu la kweli, kwa kipimo cha umri wake, anakua akijijua. Tukilificha au tukilipamba, hasara yake inakuja baadaye, na mara nyingi inakuja siku ya posa.

Dini imetangulia kutuambia

Kujua ukoo si mambo ya kizungu wala si mchezo wa darasani. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Huwezi kumtembelea shangazi usiyejua kama ni shangazi. Huwezi kumsaidia binamu mwenye shida Pemba kama hujui kuwa bibi yako na bibi yake walikuwa dada.

Na katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Mambo haya mawili yamewekwa pahala pamoja, wala tusiyatenganishe. Tujuane, halafu tusijivunie. Mtoto akifundishwa ukoo wake afundishwe hivyo hivyo.

Tena ukoo una kazi ya sharia. Mirathi inataka ukoo. Walii wa nikaha anatoka kwenye ukoo. Na kuna jambo moja ambalo mchoro wa skuli hauna tawi lake, lakini Qur'ani imelitaja katika Suratun Nisaa pamoja na wanawake ambao mtu haruhusiwi kuwaoa: mama aliyekunyonyesha, na dada zako wa kunyonya.

Tuliwahi kushona nguo ya bibi harusi mmoja. Kitambaa kimeshakatwa, mikono imeshatiwa, ushanga umebaki kidogo. Siku chache kabla ya nikaha akaja mjini bibi mmoja kutoka shamba, jamaa wa mbali, kaja kwa harusi. Alipoambiwa bwana harusi ni mtoto wa nani, akauliza: "Huyu si yule aliyenyonyeshwa na marehemu mama yake bibi harusi, mama mtu alipolazwa hospitali?" Nyumba nzima ikanyamaza. Wakatafutwa wazee, wakahojiwa, wakaitwa mashekhe, na ikathibitika kuwa alinyonyeshwa miezi, si mara moja wala mbili. Harusi ikaishia hapo. Nguo ile hatukuimaliza.

Mama wa bibi harusi alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma. Mama wa bwana harusi alikuwa hai, lakini alihamia mbali na watu wale, hakujua kuwa yule msichana ni wa nyumba ile. Hakuna aliyefanya uovu. Ni habari tu haikusemwa, na mwenye nayo alibaki mmoja, tena wa shamba. Lau asingepata gari siku ile, watu wawili wangeoana na wao ni ndugu.

Masharti ya kunyonya yapo, idadi ya minyonyo na umri wa mtoto, na kwa hukumu kamili muulize shekhe wako. Tunachosema sisi ni kwamba habari yenyewe lazima iwepo. Mtoto wa miaka saba anaweza kabisa kuambiwa: "Yule mama fulani alikunyonyesha ulipokuwa mdogo, kwa hiyo watoto wake ni ndugu zako." Anafahamu, tena anafurahi, kaongeza ndugu.

Tusijaze karatasi ya mtoto

Basi nasaha yetu ya kwanza: karatasi ya mtoto usiijaze wewe. Mpeleke kwa bibi. Kama bibi yuko Michenzani na nyinyi mko Fuoni, ni dala dala moja au mbili. Kama yuko Muscat au London, siku hizi simu ina picha na sauti. Mtoto aulize mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ukimwachia, utaona mambo mawili. Kwanza, bibi anazungumza na mjukuu mambo ambayo hajawahi kumwambia mwanawe. Wewe mama mtu unakaa pembeni unachambua mchele, unasikia kwa mara ya kwanza kwamba bibi yako alipikia watu harusini, au kwamba babu yako alikuja na jahazi kutoka Lamu. Pili, mtoto anajifunza kuwa zamani ilikuwa na watu. Darasani anasikia miaka na majina ya wafalme. Kwa bibi anasikia kisima, kibatari, mchezo wa nage, kwenda kuchuma karafuu wakati wa msimu, na kupigwa kwa kuchelewa chuoni.

Kwa mtoto wa maandalizi na darasa la kwanza maswali matatu yanatosha. Bibi, jina lako kamili ni nani? Ulizaliwa wapi? Ulipokuwa kama mimi ulicheza nini? Akifika darasa la tatu au la nne, aulize watu walitoka wapi, walikuja kwa njia gani, walifanya kazi gani. Nguo ya mtoto wa miaka sita huikati kwa kipimo cha mama yake. Na habari ni hivyo hivyo, ya leo iwe ndogo lakini iwe ya kweli, na kila mwaka unaachia kidogo.

Majina yetu wanawake yanapotelea wapi?

Sasa tazama daftari la mahudhurio la skuli yoyote hapa kwetu. Kila mtoto ana majina matatu, lake, la baba yake, la babu yake. Mtoto wa miaka mitano kashabeba vizazi vitatu vya ukoo wake kabla hajajua kuandika. Utaratibu huu ni mzuri na ni wa dini, kwani Suratul Ahzab imetuamrisha tuwaite watoto kwa baba zao.

Lakini jaribu jambo hili leo, wewe unayesoma. Taja jina la baba wa babu yako mzaa baba. Wengi mtaliweza, liko kwenye vyeti na hati za shamba. Haya, taja jina la mama wa bibi yako mzaa mama. Tumewauliza hivi mabibi harusi wengi wakati tunawachukua vipimo, na wengi wananyamaza. Wengine wanacheka, halafu wanampigia simu mama, na mama naye hajui.

Mwanamke kwa majina ya daftari anapotea baada ya kizazi kimoja tu. Hata skuli haikumuandika, kwani skuli ya kwanza ya Serikali ya wasichana hapa Zanzibar ilifunguliwa 1927, na wasichana wengi hawakufika huko. Walisoma chuoni, wakahifadhi juzuu zao, wakaolewa. Kama sisi hatukusema majina yao, hakuna karatasi itakayotusaidia.

Kwa hiyo mchoro wa mtoto ukirudi nyumbani na nafasi za kina baba peke yake, mwambie achore tawi jengine. Mama, mama wa mama, mama wa bibi, na juu yake kama yupo anayejua. Wanawake wanne kwa majina yao. Hatuvunji sharia yoyote. Tunajaza kilichobaki wazi. Mwenyewe Mtume (S.A.W.) tunamjua mama yake, Amina binti Wahab, tunamjua na mama yake wa kunyonya, Halima. Historia yake haikuwaacha wanawake waliomlea.

Sanduku la bibi ni kitabu

Mwalimu akisema lete kitu cha zamani, usiseme hatuna. Fungua sanduku au kabati la bibi. Tunasema hili kama mafundi: vitambaa vinasema sana.

Chukua kanga. Mtoto anaiona kila siku, lakini haijui. Mwambie kuwa zamani wanawake wa pwani walinunua leso za kizungu, vile vitambaa vya mraba, wakaviunga sita pamoja, vitatu kwa viwili, wakajifunga. Ndiyo maana mpaka leo kuna wanaoiita kanga leso. Kanga ilianza kwa sindano ya mwanamke kabla haijafika kiwandani. Halafu muoneshe pindo, muoneshe mji, msomee jina lake, umwambie bibi alinunuliwa na nani na kwa sababu gani, maana kanga haikununuliwa bure bure. Mtu alikuwa na lake la kusema.

Chukua kisutu, kanga ya bibi harusi ya nyeusi, nyekundu na nyeupe. Ya mama yako ikiwepo, iwekeni pamoja na ya bibi. Muulize pia bibi habari ya mkaja na ubeleko. Mabibi harusi wa leo wanayasikia maneno hayo katika mahesabu ya posa, wanadhani ni majina ya pesa. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mama tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Anapoolewa binti, mama yake anapewa zawadi kwa majina hayo, ni kumwambia kuwa tunajua ulimzaa na ulimbeba. Mtoto akijua hilo, atamtazama mama yake kwa jicho jengine. Na bibi harusi akilijua hataona haya kulitaja.

Yale yanayouma

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia, na hapa ndipo tunataka kusema wazi.

Watoto wa Zanzibar wanapelekwa na skuli zao Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Wanaambiwa watu waliuzwa hapa. Mtoto anarudi nyumbani anauliza: "Mama, na sisi tuliuzwa? Au tuliuza?" Mama anasema nyamaza, kula chakula chako.

Suali la mtoto ni zuri, na halina umbali kama tunavyodhani. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka 1897, na hiyo iliwaacha nje masuria, mpaka 1909. Bibi mwenye miaka 80 leo, bibi yake alikuwa mtoto au msichana siku zile. Ni wanawake wachache tu baina yetu na wao. Katika nyumba zetu nyingi, juu kidogo kwenye mti, yupo mwanamke aliyeletwa kutoka Nyasa, Manyema, Uyao au Uhabeshi, akapewa jina jengine, akazaa, akalea, akapika. Watoto wake walijulikana kwa baba yao. Yeye ikasemwa tu "alitoka bara", na habari ikakatwa.

Wala si nyumba za wanyonge peke yake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844 katika kasri, mama yake alikuwa surie aliyeletwa kutoka nchi ya Circassia. Na Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar na kujenga Beit al-Ajaib, mama yake alikuwa Muhabeshi. Kama kwa wafalme imeandikwa, kwetu tunaona haya ya nini?

Tumkumbuke na Siti binti Saad wa Fumba. Iwe unapenda taarabu au hupendi, maisha yake ni somo. Alizaliwa karibu na 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla hajajulikana. Akaja mjini, sauti yake ikamfikisha Bombay 1928 kurikodi sahani za santuri, na watu wakamwita Siti, bibi wa heshima. Watoto wetu wajue yote mawili, jina alilozaliwa nalo na jina alilofia nalo 1950. Ukimpa mtoto la pili peke yake, umemnyima nusu ya sifa yake.

Na kwa wenye kuona kuwa asili ya utumwa ni aibu ya kufichwa, tunawauliza: mnapokwenda Makka mkasai baina ya Safaa na Marwa, mnafuata nyayo za nani? Ni za Bi Hajar, aliyekuwa mjakazi, aliyekimbia mara saba kumtafutia mwanawe maji. Mamilioni ya watu, wafalme kwa maskini, wanakimbia alipokimbia yeye. Na katika kizazi cha mwanawe Ismail ndiko alikotoka Mtume wetu (S.A.W.). Hiyo ndiyo heshima aliyopewa na Mola wake. Sisi ni nani wa kuinua pua?

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tumeona posa zikirudishwa. Kijana ana dini, ana tabia, ana kazi, lakini mama mtu anasema "hawa asili yao haijulikani." Tunajua kuwa wanavyuoni wamezungumza habari ya kufu, na kila mmoja ana mwalimu wake. Lakini maneno mengi tunayoyasikia dukani hayatoki kwenye kitabu cha fiqhi. Yanatoka kwenye kiburi. Na kiburi hicho mtoto anakipata mapema, siku anapoambiwa "usicheze na wale, sisi si kama wao." Hiyo nayo ni historia ya ukoo anayofundishwa, tena bila daftari.

Kuna na jambo la 1964. Mtoto anajua kuwa tarehe 12 Januari ni sikukuu, hakuna skuli. Nyumbani kila mtu ana habari yake. Wapo waliopata ardhi na heshima ambayo hawakuwa nayo. Wapo waliopoteza baba, nyumba, na ndugu waliokwenda Oman, Dubai au Uingereza wasirudi. Wakati mwengine yote hayo yako ndani ya ukoo mmoja. Hatusemi mtoto wa miaka saba apewe mzigo huo wote. Tunasema asidanganywe. Akiuliza kwa nini mjomba wa bibi yuko Muscat, ajibiwe: "Kulitokea mapinduzi, watu wengi walikufa na wengine wakahama, na sisi tulilia." Iishie hapo kwa sasa. Usimtilie chuki juu yake. Atakapokua atauliza zaidi, na atakuuliza wewe kwa sababu mara ya kwanza ulimjibu.

Mtoto ambaye karatasi yake ina pengo

Yupo na mtoto anayeiogopa kazi hii. Baba kaondoka. Au wazazi wameachana na hawasemezani. Au analelewa na shangazi tangu ana mwaka. Au mama yake hakuolewa.

Kina mama wengine, kwa kumlinda mtoto au kwa hasira, wanamwambia baba yako kafa, na baba yuko hai anauza samaki Malindi. Dada zetu, tafadhalini msifanye hivi. Huyo mtoto kama ni wa kike, akija kuolewa walii wake wa kwanza ni baba yake. Nikaha yenyewe inakuwa na suali. Kama ni wa kiume, kesho ataposa kwa watu bila kujua kuwa ana dada huko. Sema kweli kwa upole: "Baba yako anaitwa fulani bin fulani. Hakai na sisi. Ukikua nitakueleza zaidi." Maneno haya mtoto anayaweza. Uongo ndio asiouweza, siku akikutana nao njiani.

Na umfariji kwa mfano mkubwa kuliko wote. Mtume (S.A.W.) hakumuona baba yake. Mama yake alifariki yeye ana miaka sita. Babu yake Abdul Muttalib akamchukua, naye akafariki alipokuwa na miaka minane, akalelewa na ami yake Abu Talib. Na Nabii Isa (A.S.) Qur'ani yenyewe imemtaja kwa jina la mama yake, mwana wa Maryam. Mtoto wako mwenye pengo kwenye karatasi hayuko peke yake.

Kwa walimu, ambao wengi ni wateja wetu na dada zetu, tuna maombi matatu. La kwanza, msimsimamishe mtoto mbele ya darasa kusoma ukoo wake kabla hamjajua hali ya kwao. La pili, toeni nafasi kwenye mchoro ya "anayenilea", maana kulea mtoto wa ndugu ni sifa yetu tangu zamani na si jambo la kuficha. La tatu, waiteni mabibi darasani. Nusu saa ya bibi mmoja na kanga yake watoto wataikumbuka kuliko kurasa kumi.

Kwa mabibi harusi

Utauliza, mimi sina mtoto bado, haya yananihusu nini? Yanakuhusu wewe kuliko wengine. Huu ndio wakati ambao watu wote wa ukoo wako wanakusanyika nyumba moja. Mama wakubwa na mama wadogo wapo, shangazi wapo, somo wako yupo, bibi kutoka Makunduchi kaja na mkeka wake. Baada ya harusi watatawanyika, na wengine hamtaonana tena.

Nunua daftari moja la kawaida, bei yake ni ndogo kuliko uzi tunaotia kwenye nguo yako. Wakati unapakwa hina, na huwezi kushika simu, mpe mdogo wako aandike. Majina ya wanawake wanne juu yako. Nani alikunyonyesha zaidi ya mama yako, na mama yako alimnyonyesha nani. Walitoka wapi, na kwa nini walihama. Majina ya kina ami na kina mjomba, wa mji na wa ng'ambo. Na habari moja moja ya kila bibi: alipenda nini, aliogopa nini, aliolewa na mahari gani.

Ukishatulia kwako, muulize mama mkwe wako maswali hayo hayo. Mama mkwe anayeulizwa habari za mama yake anafunguka moyo, utaona. Na watoto wenu, inshaAllah, watakuwa na pande mbili za kujaza.

Mwaka 1858 kule pwani ya kaskazini Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Hakuwa na skuli wala intaneti, na mpaka leo tunamjua jina, tunamjua na binti yake. Sisi hatuna haja ya kutunga. Kuandika majina tunaweza.

Basi mtoto akija jioni na karatasi yake, zima televisheni, mvalishe viatu, mpeleke kwa bibi. Kama bibi ameshatangulia mbele ya haki, mpeleke kwa dada yake au kwa shoga yake. Nenda sasa maadamu yupo anayejua.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, wale tunaowajua majina na wale tusiowajua, na atujaalie watoto wanaounga udugu. Amin.